Ukuta Unaozeeka na Watu Wake

Kanga isiyo na jina utaivaa, lakini haitasema na mtu. Pindo lipo, mji upo, rangi zimekolea, ila pale pa kusomeka pameachwa patupu. Ndivyo ninavyoiona michoro mingi ya ukutani katika miji iliyowahi kuishi kwa kufuma nguo. Mchoraji huchukua mauamaua ya kitambaa cha zamani, huyakuza mara mia, huyajaza kwenye ukuta wa maegesho ya magari, kisha tunaambiwa urithi umeenziwa. Mfumaji mwenyewe humwoni.

Kwa hiyo nauheshimu ukuta mmoja ulioko Lyon, Ufaransa, uitwao Mur des Canuts. Canuts ni jina la wafumaji wa hariri wa mji huo, na ukuta uko mtaani kwao, Croix-Rousse, juu ya kilima. Kikundi cha wasanii cha CitéCréation kiliuchora mwaka 1987. Ulikuwa mtupu, wa mita za mraba zipatazo 1,200. Wakaujaza nyumba, madirisha, na katikati ngazi pana inayopanda mpaka unatamani kuikanyaga.

Hicho ni kiini macho, na viini macho vya rangi viko tele duniani. Kilichonivuta ni watu waliomo, maana ni wakazi wa mtaa huo huo. Tena mwaka 1997 wasanii walirudi kuuchora upya, wakarudi tena 2013, na kila waliporudi waliwaongezea watu wale umri. Nilipoziweka picha za miaka hiyo kando kwa kando nilicheka peke yangu. Wapi umeona sanamu au mchoro wa heshima unaokubali kuzeeka? Kwa kawaida tukishamtundika mtu ukutani tunamgandisha hapo, na rangi ikibabuka tunalaumu jua.

Na hariri iko wapi katika habari hii? Iko kwenye nyumba zenyewe. Mtambo wa kufumia wa Jacquard, uliotokea mwanzoni mwa karne ya 19 na kuongozwa na kadi zilizotobolewa matundu, ulikuwa mrefu kuliko vyumba vya kawaida. Basi Croix-Rousse zikajengwa nyumba zenye dari ya mita kama 4 na madirisha marefu ya kuingiza mwanga, na familia ikalala kwenye kijukwaa cha mbao kilichoinuliwa pembeni ya mtambo. Yaani mtu alijenga nyumba kwa kipimo cha mashine, yeye akajibana. Mchoro wa maua ya hariri, hata uwe mzuri vipi, hauwezi kukueleza hilo.

Wala hautakueleza ya Novemba 1831. Wafumaji walilipwa kwa kazi waliyotoa, na bei ilipangwa na wafanyabiashara wa hariri. Yalifikiwa makubaliano ya kiwango cha chini cha malipo, baadhi ya wafanyabiashara wakakataa kuyafuata, canuts wakateremka kutoka kilimani wakaushika mji, mpaka jeshi lilipokuja kuurudisha. Mwaka 1834 wakaasi tena, na safari hiyo damu ilimwagika zaidi. Mimi nasema hayo nayo ni urithi wa nguo, sawa na nyuzi na rangi. Ukichukua ua ukaacha ugomvi wa ujira, umechukua upande wa mnunuzi.

Kuna neno linalonikera katika miradi hii: “shirikishi”. Mara nyingi maana yake ni kwamba wakazi wameitwa asubuhi moja, wamepewa brashi, wakaonyeshwa mistari iliyokwisha kuchorwa, na kazi yao ni kujaza rangi bila kuvuka mstari. Halafu picha zinapigwa. Huko si kushirikishwa. Watoto wa chekechea wana uhuru kuliko huo. Mtu ameshiriki pale anapoweza kusema, “Hapana, babu yangu hakukaa hivyo kwenye mtambo,” na mchoraji akafuta.

Sisemi Lyon wamemaliza kila kitu. Ukuta wao leo ni kivutio cha watalii, na zile dari ndefu zilizowekwa kwa ajili ya mitambo sasa zinasakwa na watu wenye fedha kuliko mfumaji yeyote wa zamani. Mtaa wa wafanyakazi umekuwa mtaa wa kupendeza, na vya kupendeza hupanda bei. Ukuta unaofuata umri wa wakazi wake una hatari hiyo ndani yake: utalazimika kuonyesha pia nani amehama.

Ndiyo maana wasanii wakirudi tena na ndoo zao za rangi, nitaitazama ile ngazi kwanza. Nataka kuona nani bado amesimama pale, mvi zikiwa zimeongezeka, na nani nafasi yake imechukuliwa na sura ngeni.