Maboga ya Oktoba kazini: wanaobeza wana hoja, ila si yote

Oktoba ikishaingia, ofisi nyingi za Marekani na Uingereza huleta maboga. Watu hugawanywa makundi, hupewa visu na vijiko, huambiwa wachonge nyuso za Halloween, sherehe ya mizimu ya Oktoba 31, ili timu ishikamane. Kwingine huoka keki au huchora pamoja. Na manung'uniko ni yale yale kila mwaka: mishahara haijapanda, utoto huu wa nini?

Wanaobeza hawabezi hewani. Novemba 2022 mahakama ya juu kabisa ya rufani ya Ufaransa iliamua kwamba kampuni moja ya ushauri haikuwa na haki ya kumfukuza mfanyakazi kwa kukataa kushiriki "raha" zake. Sawa kabisa, raha ya kuamrishwa ni kazi nyingine. Kisha 2024 William Fleming, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akachambua majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza. Waliopitia programu za ustawi, kama mafunzo ya kuhimili msongo, hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Walioonyesha dalili ya nafuu ni waliopewa nafasi ya kujitolea kusaidia wengine.

Lakini programu hizo humshughulikia mtu mmoja mmoja, aende zake akatulie. Kuchonga boga ni jambo jingine. Mmoja anashikilia, mwingine anakata kifuniko, wa tatu ametia mkono ndani anakokoa nyuzi na mbegu. Macho yote yako kwenye kisu, hakuna anayemkodolea mwenzake, na mazungumzo yanatoka yenyewe. Meneja asiyejua kushika kisu anaelekezwa na mfanya usafi. Kikao gani kingine kinawakutanisha hivyo?

Mwaka 2015 watafiti wa Oxford, akiwemo Robin Dunbar, walitoa matokeo ya kufuatilia madarasa ya watu wazima Uingereza kwa miezi saba. Wengine walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono au uandishi wa kubuni. Waimbaji walizoeana upesi, na hapo ndipo wengi hukomea kusimulia. Mimi nang'ang'ania mwezi wa saba: kufikia hapo wale wa kazi za mikono na uandishi walikuwa wameshikamana sawa na waimbaji. Kazi ya mikono inaunganisha watu, ila polepole. Kampuni huipa mchana mmoja, hupiga picha, kisha Januari hulalamika kwamba haikusaidia kitu. Tena wale wa madarasani walijiandikisha kwa hiari yao.

Halloween yenyewe ni kikwazo kwa Waislamu na Wakristo wengi, na aliyelelewa kwa futari ya boga la nazi huona vibaya chakula kikiachwa kioze dirishani. Basi wapike supu. Uso wa boga si lazima.

Tuhesabu. Nusu saa ya kazi za mikono kwa wiki, kuanzia Oktoba hadi Aprili, miezi saba kama ya madarasa yale, ni takriban saa 15 kwa mtu, hata siku mbili za kazi hazitimii. Iwe ndani ya saa za malipo, bila karatasi ya mahudhurio, na asiyetaka aendelee na shughuli zake pasipo kuulizwa. Uongozi unaoona hiyo ni gharama kubwa mno uwaambie wafanyakazi wazi, kisha fedha za maboga ziongezwe kwenye posho.