Sakafu ya mbao ngumu: tuanze na msumari, bunduki ifuate

Mafundi wa Arusha wanaotandika sakafu za mbao ngumu, hasa kwenye loji na kwenye nyumba mpya za Njiro, wamegawanyika kuhusu bunduki ya misumari inayotumia upepo wa kompresa. Wapo wanaoona imewapunguzia kazi, na wapo wanaoona ni fedha iliyolala stoo, wao wakiendelea kutoboa ulimi wa ubao (ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani) kwa drili, kuingiza msumari kwa mshazari na kuumalizia kwa nyundo na ponchi, kile chuma cha kuzamishia kichwa cha msumari. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaanza kuhesabu mahali pasipofaa, kwa sababu kinachoishika sakafu ni msumari, na mashine yenyewe haikubali msumari wowote isipokuwa ule iliyoundiwa.

Kwanza mashine ipewe haki yake, nayo ni kubwa kuliko kasi inayosifiwa kila siku. Fundi huikalisha kwenye ukingo wa ubao, soli yake ikiwa imeukumbatia ulimi, kisha huigonga kichwani kwa nyundo ya mpira. Pigo hilo hilo linalofungulia upepo ndilo linalousukuma ubao ubanane na uliotangulia, na msumari unaingia kwa nyuzi 45 na kuzama kina kile kile kila mara. Mkono wa fundi, hata awe hodari namna gani, saa tisa alasiri hauna uthabiti uliokuwa nao saa mbili asubuhi, na sakafu hutunza kumbukumbu ya uchovu huo kwa mianya inayoonekana mwanga wa dirishani unapoipiga kwa ubavu.

Ugumu unaanza dukani. Bostitch, kwa mfano, ina mashine mbili zinazofanana sana kwa sura, MIIIFN inayotumia misumari bapa yenye meno ya geji 16 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda msumari ni mwembamba zaidi), na MIIIFS inayotumia pini za miguu miwili za geji 15.5, na chakula cha moja hakiliwi na nyingine. Pini huwa na bei nafuu na hushika kwa nguvu tangu siku ya kwanza, lakini miguu yake miwili huupasua ulimi wa mbao ngumu kwa urahisi zaidi. Msumari wa meno huuachia ubao nafasi ndogo ya kutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi bila kulegea. Mninga, ambao hauchezi sana na hupokea msumari vizuri, unavumilia geji 16. Mkongo ni mgumu zaidi na hupasuka, kwa hiyo unahitaji msumari mwembamba wa geji 18, ambao una bunduki yake. Mvule nao una vijiwe vya chokaa ndani yake, na msumari ukikutana na kimoja unaweza kupinda ukiwa njiani.

Jambo linalosahaulika zaidi ni urefu, na hapa kwetu ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa kuwa nyumba zetu karibu zote zina jamvi la zege. Maelekezo mengi ya mashine hizi huandikwa kwa ajili ya nyumba za Marekani zenye sakafu ya chini ya mbao, hivyo hutaja msumari wa inchi 2 kwa ubao wa milimita 19. Ukiwa umelaza plaiwudi ya milimita 18 juu ya zege, msumari huo wa milimita 50 ukiingia kwa mshazari unashuka kama milimita 35 kwenda chini. Toa milimita 11 hivi ulizopita ndani ya ubao kuanzia juu ya ulimi, zinabaki kama 24, yaani umeitoboa plaiwudi yote na ncha imegonga zege. Hapo ama msumari unapinda, ama unaiinua plaiwudi, na miezi michache baadaye sakafu inalia kila mtu anapokanyaga. Dawa yake ni msumari wa inchi 1.5. Aliyetandika papi za mbili kwa mbili, yaani fito za mbao za inchi mbili, badala ya plaiwudi anaweza kubaki na inchi 2, mradi achore mistari ya kuonyesha papi zilipo, maana mashine haioni chini ya ubao.

Wanaoikataa mashine wana hoja moja ambayo sioni jinsi ya kuijibu: misumari hii haipatikani kila duka la vifaa vya ujenzi, na ikiisha katikati ya chumba kazi inalala. Hoja yao nyingine, kwamba kompresa inahitaji umeme, naiona nyepesi kidogo, kwa sababu tangi la lita 24 linatosha mashine moja, na ipo bunduki ya mkono isiyohitaji kompresa kabisa, inayomtosha fundi wa sakafu mbili kwa mwaka. Lakini atakayetumia kompresa hapa Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, asishangae tangi likichelewa kujaa kuliko lingechelewa Tanga, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Maji yanayotokana na unyevu wa hewa yamwagwe kutoka kwenye tangi kila jioni, hasa wakati wa mvua.

Presha nayo haiwekwi kwa kubahatisha. Chukua vipande vya ubao ule ule, anza na psi 70 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), ongeza tano tano. Kichwa cha msumari kikibaki juu, ubao unaofuata hautafunga. Kikizama mno, ulimi unapondeka na kupasuka. Nafasi kati ya msumari na msumari iwe inchi 8 hadi 10, na mwisho wa ubao uachiwe inchi 2 au 3.

Kwa kikundi chenye kazi za loji mfululizo ningeshauri kununua, baada ya kuwa na hakika ya duka la misumari. Wengine wakodishe. Na wote wabaki na drili na ponchi, kwa sababu safu ya kwanza na zile mbili tatu za mwisho ziko karibu mno na ukuta, na nyundo ya mashine hii haina pa kupigia.