Nani Aliandika Kwenye Kuta za Pompeii?

Ndani ya kilabu cha pombe huko Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia, kabla volkano ya Vesuvius haijaufukia mwaka 79, mtu alikwaruza ukutani: Successus mfumaji anampenda Iris, mjakazi wa mwenye kilabu, lakini binti hana habari naye, jamaa anabaki kuomba huruma. "Anaandika mpinzani wake. Kwaheri." Successus akajibu hapohapo: wivu unakupasua, usimwandame mwanamume anayekuzidi sura. Mpinzani, Severus, akarudi tena: "Nimesema, nimeandika. Unampenda Iris, naye hakujali."

Wanagombea mjakazi, wanajibizana kwa maandishi, na ukumbi wao ni kilabu. Hata hivyo tunaambiwa maandishi yalikuwa mali ya matajiri. Mwaka 1989 mwanahistoria William Harris alikadiria kwamba waliojua kusoma na kuandika katika Italia ya Kirumi hawakufika asilimia 15, na hoja zake si za kubeza. Hapakuwa na shule za umma kwa watoto wote. Maandishi zaidi ya 11,000 yaliyopatikana Pompeii hayasemi waandishi walikuwa wangapi, kwani mkono mmoja unaweza kujaza kuta kumi. Matangazo ya kampeni yalipakwa na mafundi; mmoja wao, Aemilius Celer, alitia sahihi kwamba aliandika peke yake kwa mbalamwezi. Tena kukwaruza jina lako si sawa na kuusoma mkataba.

Hayo nayakubali. Ila asilimia 15 ni ya Italia nzima, pamoja na mkulima aliyeishi mbali na soko. Kuitwisha mitaa ya Pompeii, mji wa maduka, vilabu na madobi, ni kuionea. Na aliyelipa fundi apake jina la mgombea barabarani alitarajia lisomwe na nani?

Kuna ukuta mmoja wa nje ulioandikwa: "Madobi na bundi nawaimba, si silaha wala shujaa." Huo ni mstari wa kwanza wa Aeneid, utenzi maarufu wa mshairi wa Kirumi Virgil, uliogeuzwa kwa utani. Bundi ni ndege wa Minerva, mungu wa kike wa Warumi na mlinzi wa madobi. Utani huo hauchekeshi mpaka mpita njia aujue mstari wenyewe. Mtu atasema waliusikia tu ukighaniwa, na huenda wengi waliupata hivyo. Lakini huyu aliushika, akaupindua, akauandika barabarani ili wenzake wausome.

Wenye shaka huniambia pia kwamba Kilatini cha kutani kimejaa makosa. Mimi nayathamini makosa hayo kuliko mashairi. Severus, katika maneno yake ya kwanza, ameandika Hiredem badala ya Iridem, umbo la jina Iris katika sentensi ya Kilatini: ameongeza H isiyo na kazi na kuweka E mahali pa I. Karani aliyesomeshwa vizuri asingekosea hivyo. Hii ni kazi ya mtu aliyejifunza herufi chache, akaziandika kama sikio lake lilivyomwambia, akijua kwamba Successus akipita atasoma na kukasirika.