Kalipa za mbele za Hilux ya zamani: ununue nyingine au ukarabati ulizonazo?

Wenye Hilux za miaka ya 1990 wanaijua hukumu hii ya gereji. Ukikanyaga breki gari linavuta upande mmoja, rimu ya kushoto ina moto kuliko ya kulia, fundi analizungusha gurudumu kwa mkono na linagoma. "Bosi, kalipa imekufa, tafuta nyingine." Kalipa ndiyo kifaa cha chuma kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu ukikanyaga breki. Hapo mwenye gari ana njia tatu: anunue mpya dukani, achukue iliyotumika kwenye gari lililokatwa, au fundi aifungue ileile, aweke sili mpya (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) na kuirudisha. Mafundi wengi wa mjini wanakusukumia mbili za kwanza. Mimi naona ya tatu inanyimwa haki yake, ingawa ziko hali ambazo kuing'ang'ania ni kucheza na maisha ya watu.

Nazungumzia hasa ile LN106, pikapu ya 4WD yenye injini ya dizeli ya 3L na ekseli ngumu mbele. Kalipa yake imefungwa mahali pamoja, haitelezi, na ina pistoni nne, vile vyuma vya duara vinavyosukuma pedi, mbili kila upande wa diski. Kwa kuwa haina pini za kuteleza kama za magari mengi madogo, ikikwama, kwa kawaida pistoni ndiyo iliyokwama. Ukitoa pedi ukakuta ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, umeshapata nusu ya jibu.

Nusu nyingine wengi hawaitafuti. Kabla ya kutoa pesa ya kalipa, hakikisha kosa ni la kalipa. Hozi ya mpira, ile inayopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa, ikizeeka huvimba kwa ndani hadi tundu linabaki jembamba mno. Mguu wako una nguvu za kuyasukuma mafuta yapite, lakini ukiachia pedali hakuna kinachoyarudisha kwa nguvu ileile, basi presha inanaswa na gurudumu linaendelea kukaba. Kupima ni kazi ya dakika chache. Gari likiwa juu ya stendi na gurudumu limekaba, legeza nipeli ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa. Likibaki limekaba, kalipa ina hatia. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, pistoni haijakwama. Kaza nipeli, kanyaga breki tena hadi gurudumu likabe, kisha legeza bomba la chuma pale linapoingia kwenye hozi. Likiachia hapo, tafuta kosa kwenye masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Lisipoachia, ni hozi. Nasikitika kila ninapoona mtu amenunua kalipa mbili na zile hozi za zamani zikarudishwa zilivyo.

Tuseme kalipa kweli ndiyo mbaya. Ni nini hasa kilichochakaa? Mwili wake ni chuma cha kusubu, haumaliziki kirahisi. Ndani, kila pistoni imezungukwa na sili ya mpira yenye umbo la mraba, iliyokaa kwenye mfereji mdogo uliochongwa ukutani. Hakuna springi inayoirudisha pistoni. Ukikanyaga breki, sili inapinda kidogo pamoja na pistoni; ukiachia, inajinyoosha na kuivuta nyuma kiasi cha pedi kuachana na diski. Sasa mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu. Miaka ikipita bila kubadilishwa, maji yale yanazaa kutu ndani ya mfereji, nyuma ya sili. Kutu inaisukuma sili iibane pistoni, na pistoni inatoka bila kurudi. Ukisafisha mfereji vizuri, ukaweka sili mpya, na kubadilisha pistoni zenye vidonda kwenye kromu, kalipa ile inafanya kazi kama ilivyokuwa. Michubuko midogo kwenye ukuta wenyewe haina neno kubwa, maana sili inazuia mafuta kwenye uso wa pistoni. Ndiyo hoja ya kukarabati, na kwa bei haina mpinzani: seti ya sili ni sehemu ndogo ya bei ya kalipa mpya.

Upande wa pili una hoja nzito, na inahusu mikono ya anayeifanya kazi. Ukarabati huu unadai usafi ambao gereji nyingi za chini ya mwembe hazina. Nimeona sili zikioshwa kwa dizeli. Dizeli, petroli na grisi ya beringi huivimbisha mipira ya breki na kuilainisha, na baada ya muda mfupi pistoni inakwama upya. Kinachoruhusiwa kugusa sili ni mafuta ya breki yenyewe, spiriti, au grisi maalumu ya mpira wa breki. Nimeona pia pistoni zikipigwa msasa hadi zing'ae. Kinachoondoka pale ni kromu, na chuma kilichobaki wazi kitashika kutu haraka kuliko mwanzo. Kuzitoa nne zote nako kuna ufundi wake: upepo wa kompresa unaitoa kwanza iliyo laini, presha inapotelea hapo, na zile ngumu zinabaki ndani. Fundi mzoefu anaweka kibao cha mbao katikati na kuizuia iliyolegea ili nyingine zisogee, na vidole vyake viko mbali kabisa. Asiyejua anakimbilia kutenganisha vipande viwili vya kalipa kwa kufungua bolti zinazoviunganisha, kazi ambayo haitakiwi kabisa.

Kwa hiyo fundi anayesema "nunua mpya" wakati mwingine anakulinda. Pikapu inayobeba mboga kila alfajiri haiwezi kulala gereji wakati pistoni zinasakwa Kariakoo. Kama kutu imeula mfereji, au nipeli imekatikia ndani, au nyuzi za bolti zimekwisha, sili mpya haitaponya kitu. Huko Marekani na Ulaya hili halina ubishi mkali, kwa sababu ukarabati unafanyika kiwandani: unaacha kalipa yako kuukuu dukani, unarudishiwa amana, unachukua iliyokwisha kukarabatiwa. Kwetu kiwanda hicho ni meza ya fundi, na ubora unategemea ni meza ya nani.

Njia ambayo siielewi inavyopendwa ni ya katikati, kalipa iliyotumika. Muuzaji anakwambia "ni ya Japani," nawe unaona chuma kisafi kilichopakwa rangi ya fedha. Lakini imekaa rafuni muda usiojulikana, tundu la mafuta likiwa wazi, unyevu wa pwani ukiingia. Huenda gari lake lilitoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Mfereji wa sili huuoni mpaka uifungue, na ukiifungua lazima uweke sili mpya. Hapo umelipia kalipa na bado umelipia ukarabati uleule uliokuwa unaukwepa. Tena Toyota ilitengeneza kalipa za pikapu zinazofanana sana kwa sura lakini zikitofautiana ukubwa wa pistoni na unene wa diski zinayoikaba. Ukifunga ya aina moja kulia na nyingine kushoto, gari litavuta upande hata kama zote mbili ni nzima. Mimi ningechukua iliyotumika kwa sababu moja tu: mwili wa ile yangu umeharibika na mpya ya kuaminika haipatikani. Na ningeifungua kabla ya kuifunga.

Msimamo wangu, basi: kama yuko fundi unayemwamini kwa usafi, fungua kwanza uone. Mfereji na pistoni zikiwa na afya, weka sili, na uzifanye kalipa zote mbili za mbele, kwani zimezeeka pamoja na kunywa mafuta yaleyale. Kama hayupo, au chuma kimeliwa, nunua mpya za chapa inayojulikana, mbili, na hozi zake. Mpya ya bei ya kutupa yenye boksi lisilo na jina naiweka chini ya zamani iliyokarabatiwa vizuri. Zikifungwa, nipeli lazima ziangalie juu. Ukibadilishana ya kulia na kushoto zitakaa chini, upepo utanaswa ndani, na pedali itabaki laini hata utoe upepo siku nzima.

Mafuta nayo yabadilishwe yote. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu wa kutosha kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 140. Ukiteremka mlima Kitonga na mzigo, kalipa moja ikiwa inakaba kidogo, nyuzi 140 si mbali. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, na pedali inazama hadi chini.

Halafu angalia nyuma. Hilux hizi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Sasa nani kwetu hajaongeza springi za nyuma? Gari linabeba tani na bodi haishuki, vali inaamini gari ni tupu, na breki za mbele zinabeba karibu kazi yote. Fimbo ile isiporekebishwa kulingana na springi mpya, na breki za dramu za nyuma zisiposetiwa, kalipa za mbele zitaungua tena, ziwe mpya za dukani au zilizokarabatiwa na fundi bora wa mji mzima.