Watunzi wetu, tuambieni kazi imefika wapi

Asante mwandishi kwa makala yako kuhusu Brandon Sanderson, yule mtunzi wa Marekani aliyetangaza Machi 2022 kwamba kipindi cha korona aliandika riwaya za ziada kimyakimya, na kwamba nne atazitoa mwenyewe mwaka 2023. Ila umekaa sana kwenye zile dola zaidi ya milioni 41 alizochangiwa na wasomaji kwa siku 30 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, ukapita mbio kwenye jambo ninaloliona kubwa zaidi. Siku anatangaza, riwaya zote nne zilikuwa zimeshaandikwa. Tena kwenye tovuti yake huonyesha kwa asilimia kila rasimu imefika wapi, na kila Desemba huwaandikia wasomaji taarifa ndefu ya kazi zinazokuja.

Mimi husoma riwaya za Kiswahili zinazouzwa kwa vipande WhatsApp. Kuna moja niliilipia kwa simu mpaka sehemu ya 20, kisha kimya. Pesa ilikuwa ndogo, haikuniuma. Kilichoniuma ni yule binti wa kwenye hadithi aliyeachwa stendi usiku, na mpaka leo namuwaza. Ningeandikiwa tu "naumwa, tutaendelea mwezi ujao", ningesubiri hata miezi sita.

Ndugu zangu mnaojichapishia, hamna duka wala mchapishaji wa kuwasemea. Tuambieni mnaandika nini, kimefika wapi, kitatoka lini. Mkichelewa, semeni pia. Sisi tupo, na tunalipa.