Kompyuta Iliyotuchongea

Kompyuta yangu ya gemu haikuzaliwa kucheza gemu. Ni mashine ya ofisini iliyostaafishwa: prosesa (ubongo wa kompyuta) Core i5-4570 ya mwaka 2013, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8 za DDR3, yaani kizazi cha tatu, na kasha jeusi lenye sura ya karani mkuu anayekwambia urudi kesho na fomu nyingine. Ndani niliichomekea kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, GT 710, ambayo hula wati 19 na kufanya kazi ya wati 19. Nikikata kona kwenye gemu la magari, gari nalo lilikata, ila baada ya kuugonga ukuta kwanza.

Ndipo nikapata kihela. Kihela, si hela.

Mwenye kihela hanunui kwa pupa. Nilifanya upelelezi. Ukitaka kujua nani ndani ya kasha anayekuchelewesha, fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nani anafanya kazi kiasi gani, huku gemu linaendelea. Kadi ikiwa imejaa 100% na prosesa imetulia, mshtakiwa ni kadi. Prosesa ikiwa ndiyo inayohema na kadi inapiga miayo, geuza mashtaka. Bado una shaka? Punguza ukubwa wa picha: fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikiongezeka, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, zikibaki palepale, kamhoji prosesa. SSD, ile diski ya kasi, mimi ninayo tayari, na niseme wazi kwa wanaodanganyana: SSD hufupisha kule kusubiri gemu lifunguke, lakini ukishaingia uwanjani haikuongezei fremu za maana.

Kwangu kesi haikuchukua muda. GT 710 ilikutwa na hatia.

Lakini kadi gani? Hapo pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, ndiyo mwenye nyumba, wengine wote wapangaji. Yangu ni ya wati 290, haina hata waya mmoja wa ziada wa kuilisha kadi, na plagi yake kuu ina matundu 8 badala ya 24 ya kawaida, maana waliotengeneza mashine hii hawakutaka ioane na ukoo mwingine. Basi nikachagua GTX 1650. Inatumia wati 75, na wati 75 ndizo hasa zinazotoka kwenye sloti yenyewe ya bodi mama, kwa hiyo matoleo yake mengi hayahitaji waya wowote. Nikaongeza kijiti kimoja cha RAM, GB 8, DDR3. Nikaandika yote kwenye karatasi, DDR3 nikaipigia mstari chini, halafu mstari wa pili.

Karatasi na kihela nikamkabidhi shemeji.

Shemeji huyu ni mdogo wake mke wangu, na ni mtaalamu. Wa nini, ukoo mzima haujui, ila ni mtaalamu. Alikuwa anapita kwa wauza vifaa vilivyotumika, na mimi nilikuwa kazini. Alirudi jioni akitabasamu, mfuko umebeba kitu kizito kuliko GTX 1650 yoyote niliyowahi kuiona.

"Shem, nimekuokoa," akasema. "Nimekuletea RX 580. GB 8! Ile uliyoiandika wewe ina GB 4 tu."

"Inakula wati ngapi hiyo?"

"Wati 185. Na prosesa yako 84, nimeiangalia. Jumla 269. Pawa saplai yako 290. Hata chenji inabaki!"

Chenji ya wati 21, ambayo ingegawanywa kwa bodi mama, diski, RAM, feni na kila kitu kilichochomekwa kwenye USB. Na kadi yenyewe inadai waya wa pini 8, ambao pawa saplai yangu haikuzaliwa nao. Halafu ukiinusa unajua imetoka wapi. Ethereum, sarafu ya kidijitali, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, Septemba 2022, kadi nyingi zilipanda kutoka migodini na kuingia sokoni, na hii ilipanda na vumbi lake.

RAM je? DDR4.

"Nilikuandikia DDR3, shem. Nikapiga mistari miwili."

"Nne si kubwa kuliko tatu?"

DDR3 ina pini 240, DDR4 ina pini 288, na pengo la katikati wamelisogeza makusudi ili watu wa aina ya shemeji wasifanikiwe. Alijaribu upande mmoja, akaugeuza, akaanza kutafuta kitu cha kugongea. Nikamnyang'anya kwa heshima. Shemeji hagombezwi, hasa dada yake akiwa chumba cha pili.

Na dada yake alikuwa chumba cha pili kwa sababu maalumu. Ripoti yake ya kazini ilikuwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, na amri ilishatoka, kikaratasi chake kimekaa juu ya kasha: mtu asiifungue, asiiguse, asiipulize hata vumbi mpaka ripoti iwasilishwe. Alitutazama wote wawili alipokuwa anaitoa.

Muuzaji akaipokea ile DDR4, kadi akaikataa katakata. Hela ya RAM ikageuka pawa saplai ya wati 500 na kiwaya cha kugeuza plagi ya matundu 24 iwe ya matundu 8. Ukiniuliza, kiwaya kile ndicho kifaa pekee katika sakata zima kilichofanya kazi bila maneno.

Nilitaka tusubiri ripoti iishe. Shemeji akasema tukisubiri, pawa saplai italala bure, na dada yake yeye anamfahamu tangu utotoni: akishalala, halisikii hata trekta. Basi alipolala tukafungua mfuniko.

Tulifanya kazi ya kunong'ona. Bisibisi ikianguka tunasimama tuli tukisikiliza mlango. Kadi ilikuwa ndefu, ikagusana na kibanda cha diski, tukakihamisha kibanda. Feni ya mbele ikawa njiani mwa waya. Shemeji akaichomoa, akasema kompyuta ina feni nyingi zaidi ya inavyohitaji. Nikachomeka kila kitu, nikahakikisha waya wa skrini umeingia kwenye kadi mpya na si kule kwenye bodi mama, maana nimeshaona watu wazima wakiilaani kadi nzima nzima kumbe skrini inalishwa na grafiki ya prosesa.

Ikawaka. Maandishi meupe yakatokea juu ya skrini nyeusi, ikalia pii. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza, shemeji akabonyeza F1. "Hizo ni salamu tu," akasema.

Tulicheza mpaka usiku wa manane. Gari likakata kona nilipokata mimi! Sasa prosesa ndiyo iliyofika 100%, kadi ikawa inaisubiri, na shemeji akaanza kunieleza habari za i7-4770, kwamba inakaa kwenye soketi ileile na ina nyuzi 8 badala ya 4, yaani inashika kazi nyingi zaidi kwa mpigo. Nikamwambia anong'one. Tulipomaliza tukafunga mfuniko, tukafagia vumbi la mgodini, tukarudisha hata kile kikaratasi cha mke wangu pale juu ya kasha kilipokuwa, upande uleule. Hakukuwa na ushahidi.

Asubuhi mke wangu akawasha kompyuta amalizie ripoti. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe mkononi, shemeji amejifanya amelala kwenye kochi. Ikalia pii.

Mashine nyingi za ofisini zina kiswichi kidogo kando ya mfuniko. Kazi yake ni moja: kukumbuka kwamba mtu amefungua. Kiliwekwa ili wafanyakazi wasiibe RAM za mwajiri, na ukibonyeza F1 unaruhusiwa kupita, lakini taarifa haifutiki mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya BIOS, programu inayoamka kabla ya Windows, aifute. Asipofuta, karani anarudia ushahidi wake kila asubuhi kwa yeyote aliyekaa mbele yake.

Mke wangu akasoma kwa sauti, polepole, akitutafsiria: "Tahadhari! Mfuniko uliondolewa." Akateremka mstari wa pili. "Tahadhari! Feni ya mbele haifanyi kazi."

Kochi likaacha kukoroma.

"Dada," shemeji akasema macho yakiwa bado yamefumbwa, "kompyuta za zamani zinasingizia sana."

Akafika mstari wa mwisho. "Bonyeza F1 ili kuendelea." Akabonyeza. Ripoti yake ikafunguka haraka, nzima, bila herufi iliyopotea, nami nikashusha pumzi na kugeuka niende zangu.

"Kompyuta ndiyo imeambiwa iendelee," akasema bila kugeuza shingo. "Nyinyi wawili bakini hapohapo."