Mimi ni upande wa HGL

Zilizoniponza ni picha za profaili za WhatsApp. Mtu mmesoma nae miaka miwili, mmekula makande sahani moja, leo anaingia kwenye group kaweka picha ya mtoto wake, mwingine kaweka ua, mwingine Messi, mwingine gari na wala huoni aliyeko ndani. Sisi tulimaliza form six Februari 2009, mimi nikiwa mchepuo wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, enzi hizo mtihani bado unafanyika mwezi wa pili, simu ya bwenini ni Nokia ya tochi na unaificha ndani ya mkate uliotobolewa. Baada ya hapo kila mtu akashika njia yake. Kwahiyo group lilivyoundwa mwaka jana mimi kichwani nilikuwa na sura za watoto wa miaka kumi na nane, za watu wazima sina hata moja.

Nilichokuwa nacho ni utabiri. Ile wiki ya mwisho taa zikizimwa kazi ilikuwa moja tu, kugawana maisha. Kipanga wa PCB, wale wa Fizikia, Kemia na Biolojia, tulimpa hospitali ya Muhimbili, tena upasuaji wa moyo, hakuna aliyebisha. Kiranja mkuu tukampa ubunge. Kuna dada wa HKL alikuwa anakopesha karanga na ubuyu, ana daftari la madeni na sauti ya kudai, yule moja kwa moja Wizara ya Fedha. Jamaa aliyekuwa anajificha darini wakati wa mchakamchaka tukasema huyu atazeekea kwao amelala. Mimi kwa kuongea sana wakanipa ukuu wa wilaya, na usiku ule nililala na raha zangu kabisa.

Sasa utabiri wa shule usiuchukulie poa ila usiuamini pia, maana kuna watu pale Sengerema sekondari mwanzoni mwa miaka ya 80 walifundishwa kemia na hesabu na kijana mmoja, wao wanamuona ticha tu, 2015 wakamuona kwenye TV anaapishwa urais. Mimi lakini niliuamini. Miaka yote nikisikia daktari kafanya upasuaji Muhimbili najisemea yule atakuwa mtu wetu.

Basi ikapangwa tukutane Jumapili saa kumi, bar moja Sinza yenye garden mbili, admin akaandika "mkifika ulizieni kikao". Natoka Mbagala, foleni, daladala imejaa, video za group nilizokuwa naangalia njiani zimemaliza chaji, nafika simu imezima na saa kumi na moja inakaribia kuisha. Nikamuuliza dada muhudumu, samahani kikao kiko wapi, akanionyesha garden ya nyuma. Mkazi yeyote wa Dar anajua kwamba kuuliza "kikao kiko wapi" kwenye bar Jumapili jioni ni sawa na kufika Kariakoo ukauliza duka liko wapi. Ila mimi siku hiyo akili zilikuwa 2009.

Naingia, meza zimepangwa, watu kama arobaini, nikasema dah watu wamejitokeza! Kijana wa mlangoni akanipa mkono, karibu sana kaka, wewe upande wa nani? Nikamjibu kwa kujiamini, mimi upande wa HGL. Akamgeukia mwenzake, mwenzake akasema aaa hao watakuwa wa kazini kwake, mpe kiti mbele. Nikapewa kiti mbele na soda.

Nikaanza kuwatambua mmoja mmoja. Mwenyekiti ana kitambi, ana tai Jumapili yote ile, anaongea huku kanyoosha kidole. Kiranja mkuu, nani mwingine. Pembeni yake mama mmoja na kaunta buku na kalkuleta anasema "jamani ahadi bila taslimu ni maneno tu", nikataka kulia kwa furaha, dada wa karanga! Nikainama nikamwambia we dada hujabadilika kabisa, bado unadai watu. Akacheka mpaka akanipiga begani, akasema ndo kazi mliyonipa kaka, nitafanyaje. Sasa mtu akikujibu hivyo utaanzia wapi kuwa na wasiwasi?

Wakasoma bajeti. Ukumbi, chakula, mapambo, MC, keki, milioni ishirini na kitu. Nikashtuka kidogo maana kwenye group tuliongelea kuchangia nyama choma. Halafu mwenyekiti akasema tumpigie makofi bwana harusi wetu, akasimama jamaa mwembamba wa miwani, mpole, shati jeupe, pembeni kuna binti mzuri kwelikweli. Hapo vitu vyote vikakaa sawa kichwani mwangu. Kipanga! Mtu kasoma udaktari mpaka kasahau kuoa, sasa ndo amepata, na washkaji wa shule tumeitwa kumsimamia. Nikaona hili jambo la heshima sana.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikatoa ahadi ya laki moja, makofi, katibu akaandika jina na namba ya simu. Na laki moja kwangu si hela ya kutupa, mimi Bodi ya Mikopo tangu sheria ibadilishwe 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Ningekaa hapo hapo mambo yangeisha vizuri, ila mwenyekiti akaniambia "ndugu yetu, sema maneno mawili kuhusu bwana harusi", na mimi ndo yule waliyenipa ukuu wa wilaya.

Nikasema jamani huyu mnaemuona mpole hivi nimelala nae bweni moja, kitanda cha juu yangu. Watu wakacheka. Nikanogewa. Nikasema huyu ndo aliyeunguza soketi ya bweni kwa hita akichemsha mayai ya wizi saa nane usiku. Wakacheka zaidi, ila sasa wanacheka wa nyuma tu. Nikasema kila Jumamosi alikuwa anaruka ukuta kwenda disko vumbi, anarudi alfajiri anapitia dirishani, na darasani anaongoza! Na kuna binti wa form five alimwandikia barua kurasa nne mpaka nikawa namsaidia methali, na akamuapia kwamba ataoa yeye tu duniani. Kimya. Mama mmoja wa mbele mwenye kilemba akaweka glasi yake chini taratibu.

"Baba, wewe umesoma nae wapi?"

"Advansi mama, miaka miwili."

"Mwanangu amesoma seminari."

Nikamuonea huruma yule mama jamani. Nikamwambia kwa upole kabisa, mama labda hakukuambia.

Bwana harusi akasimama, jasho linamtoka, akasema "bro, mimi sikufahamu". Nikamwambia ndo zako hizo, hata kwa patroni ulisema hivyo hivyo ukaniachia adhabu peke yangu. Mjomba mtu akaanza kuja upande wangu. Bibi harusi nae, ambae muda wote hajasema neno, akasema "mwacheni amalizie".

Aliyeniokoa ni yule muhudumu. Kaja na trei yake akauliza kwa sauti ya kuita abiria, "jamani kuna mtu wa HGL hapa? Wenzake wako garden ya mbele wanamuulizia!" Watu arobaini wakanigeukia. Mwenyekiti akanivutia pembeni akaniuliza taratibu, kwani wewe ni nani? Nikaomba radhi kwa Kiswahili chote ninachokijua, kwa mama, kwa bwana harusi, kwa mjomba ambae bado alikuwa kasimama karibu sana. Nikachukua simu yangu nianze kuondoka, nasikia mweka hazina nyuma yangu, "pole kaka, ila ahadi yako imeshaingia kitabuni".

Huko garden ya mbele tulikuwa watu saba. Saba! Wale wote wa "nitakuwepo bila kukosa" hamna kitu. Na utabiri ndo ukafa rasmi. Yule wa darini sasa ni mwanajeshi, mapande ya mtu, anaamka saa kumi alfajiri anakimbia kwa hiari yake. Kiranja mkuu ni MC wa harusi huko Mwanza. Dada wa karanga ni mwalimu wa chekechea, ana sauti ya chini mpaka unamwambia rudia, na alisahau kwamba mimi nilikuwa namdai chenji. Kipanga alipigiwa video, yuko Njombe analima parachichi, miwani hana, kanenepa, ukikutana nae njiani humjui, anasema damu ilimshinda mwaka wa kwanza. Nikamuuliza lile binti la barua likoje, akasema barua gani. Yani yeye ndo kasahau kabisa!

Nimefika nyumbani nachaji simu, nakuta nimeshaingizwa kwenye group la harusi, na jina langu lipo kwenye kamati ya vinywaji. Kesho yake inboksi bwana harusi, "bro nakuomba sana andika kwenye group kwamba ulikosea garden, hapa nyumbani hapakaliki". Nikaandika. Maelezo marefu, nikaweka na picha tuliyopiga watu saba garden ya mbele kama ushahidi. Shangazi mmoja akajibu: "amekulipa shilingi ngapi?"

Laki moja nililipa, kwa awamu, yule mama wa kalkuleta alikuwa ananikumbusha kila mwisho wa mwezi hata kabla bodi hawajakata. Na usiku mmoja, wiki chache kabla ya harusi, ikaingia meseji kwa namba nisiyoijua, profaili ua: "Habari kaka. Mimi ni bibi harusi. Najua ulisema ulikosea garden na nimekuelewa. Ila naomba tu jina la yule binti wa form five."